Maji Hayakufika Kichwani

Mwanangu Zuhura,

Wewe uko chumba cha juu na mimi niko hapa chini, ngazi tu ndiyo iliyo kati yetu, na bado nakuandikia. Mtu akisikia atasema Bi Mwana amerukwa na akili. Na aseme. Tangu jana huniitikii ila kwa "naam" na "la", na mimi nikipanda huko juu najijua, nitaanza na hasira kabla ya salamu, wewe utageuza uso ukutani, na hapo ndipo yatakapoishia. Kwa hiyo pokea salamu zangu kwa kalamu, salamu za mama aliyekuzaa na aliyekuudhi. Karatasi hii nitaiweka juu ya msala wako, uione utakapoamka kusali alfajiri, kabla mumeo Salim hajaita watu wa kubeba masanduku.

Sitakuambia habari za kupika, wala namna ya kuishi na majirani wa Mombasa, wala usimfungulie mlango usiyemjua. Hayo umeambiwa na kila mwanamke aliyeingia nyumba hii kunywa kahawa yangu, na wengine walikuambia huku hata wali wenyewe hauwaivi. Mimi nataka kusema habari ya kichwa chako. Nataka kuisema yote, kwa sababu najua ukifika huko utakuwa ukiikumbuka nusu, na hiyo nusu utakayoikumbuka ndiyo mbaya zaidi.

Nianze mbali kidogo, univumilie.

Unajua mimi si mtu wa mji huu wa Amu. Marehemu babako alinitoa kisiwani Pate, na babangu, japo alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, mkono wake mmoja ulishika msahafu na wa pili ulishika jembe la tumbako. Sisi watoto wake tulilima naye. Nilipoletwa hapa kuolewa, miguu yangu ilikuwa na nyufa ambazo hina haikuzificha, ilizidi kuzionyesha. Siku ya kuonyeshwa kwangu nimekaa juu ya kiti, nimeinamisha macho kama bibi harusi anavyotakiwa, wanawake wa mji wamejaa ukumbi mzima, na upande wa mume wakazifungua nywele zangu kuzitia mafuta. Zilifika kiunoni. Nikasikia watu wakisema mashaallah, mashaallah. Kisha mwanamke mmoja, wala hakupunguza sauti, akasema, "Nyele nzuri, maskini, lakini miuu ni ya tumbako."

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walinitosha.

Neno hilo nimekaa nalo miaka yote uliyonijua. Ulipokuwa mtoto ukiniuliza mbona sitoki bila viatu hata uani, hiyo ndiyo sababu. Na ndiyo sababu nilizitunza nywele zangu kuliko nilivyomtunza babako, Mungu amrehemu, naye alikuwa akilalamika hivyo hivyo. Katika mwili wangu wote, mji huu ulikubali kitu kimoja tu.

Kisha ukazaliwa wewe, na nywele kama zangu. Bi Rukia alikuona ukitoka chuoni, ukiwa bado msichana mdogo, akaushika msuko wako akasema, "Hizi nyele siku ya arusi tutazitia mafuta wenyewe." Alisema kwa mzaha, na Salim wake alikuwa bado anakimbizana na wenzake vichochoroni. Mimi sikuuchukua kuwa mzaha. Niliuchukua kuwa ahadi, nikaanza kukusuka kila Ijumaa kana kwamba natunza kitu cha watu.

Ile homa ilipokupata, nilimwomba Mungu akuache hai, naye akakuacha hai. Nakiri mbele yako jambo hili ambalo sijapata kulisema: ulipoanza kula uji tena, na nywele zikaanza kubaki juu ya mto kila asubuhi kwa mafungu, nililia kuliko nilivyolia ulipokuwa umelala hujitambui. Nilizikusanya nikazizika chini ya myasumini pale uani, kama tunavyofanya, na nikawa nalia kama mtu aliyefiwa, na wewe uko ndani unaniita unataka maji. Nilichelewa kukuletea. Huenda umesahau.

Posa ya Salim ilipokuja zilikuwa zimeota urefu wa kidole. Nzuri, laini, nyeusi. Lakini za kidole.

Ningeweza kuvaa buibui langu nikaenda kwa Bi Rukia, mtaa wa nyuma tu hapo, nikamwambia, "Mtoto aliumwa, nywele zilianguka, siku ya maonyesho tutamfunga kilemba cha asumini na hatutazifungua." Angekubali au angekataa. Lolote ambalo angesema lingekwisha mchana ule ule. Mimi nikakaa nyumbani nikaiona miguu yangu. Niliwasikia wakisema, alikuja na miguu ya tumbako, na sasa ametuletea binti kipara. Hakuna aliyesema hivyo, Zuhura. Nililitunga mimi mwenyewe, nikalijibu mimi mwenyewe.

Basi nikamwita Bi Tatu msusi. Unakumbuka alivyoingia na kifuko chake, akijidai kana kwamba amekuja kutibu mgonjwa. Nta ya nyuki, akasema, na ubani, viyeyushwe pamoja kwenye kikaango kidogo, ncha ya kila kishungi cha nywele za kubandika ichovywe humo ingali moto, ibanwe kwenye shina la unywele mpaka ipoe. Alikuwa amewafanyia wacheza lelemama, hazikuanguka ngoma nzima. Nikamuuliza juu ya harufu. Akanicheka: "Bi Mwana, arusini kuna kitu kisichonuka ubani?" Nikaona ni mwanamke mwenye akili sana. Sikumuuliza zinatokaje. Yeye naye hakunambia, kwa kuwa hakujua. Kubandika anajua, kubandua hajui, na wapo wengi wa namna hiyo duniani, uwachunge.

Nywele zilikuwa zangu. Ulikuwepo. Ulinishika mkono wenye mkasi, ukasema, "Mama, usizikate, mimi sizitaki." Nikakwambia ukae chini. Ulipokaa, na ile nta ya kwanza ilipokuchoma karibu na utosi ukaruka, nikakwambia bibi harusi halii kabla ya siku yake. Na wewe, mtoto mtiifu, ukanyamaza mpaka mwisho. Siku hizi najiuliza nilikulea vipi hata ukajua kunyamaza vizuri namna ile.

Sasa nifike pale panaponiuma.

Mimi ni binti wa mwalimu. Wewe na wasichana wa mtaa huu wote, mimi ndiye niliyewafundisha josho, kule kuoga kwa kujitakasa ili mtu aweze kusali, hapa hapa kwenye birika la kuogea, ninyi mnacheka kwa haya na mimi nawakaripia. Maji yafike kila unywele na kila shina, nikawaambia, hata pete ya kidoleni izungushwe maji yapite chini yake, na palipobaki pakavu pamebatilisha josho zima. Niliwasemesha mpaka mkakariri. Na habari ya kuunganisha nywele ninaijua pia, hakuna mtoto wa chuo asiyeijua, imekatazwa waziwazi. Sikuwa mjinga. Sipendi mtu anitetee akasema Bi Mwana hakujua. Nilijua, nikajiambia ni siku chache tu, Mungu ni mwingi wa rehema. Ndivyo tunavyomtumia Mungu tukiwa na haja zetu.

Mpango ulikuwa zitoke usiku ule ule wa maonyesho. Nawe kwa ajili ya mpango huo uliingia chumbani kwa mumeo, kabla ya maonyesho, na kichwa kilichozibwa kwa nta.

Siku ya maonyesho ilipofika, ulikaa juu ya kiti kile kile nilichokalia mimi. Bi Rukia mwenyewe ndiye aliyekuja nyuma yako na chupa ya mafuta. Aliufungua ushungi, nywele zikamwagika mpaka kiunoni, akatia vidole karibu na shingo. Akasita. Niliona mkono wake ukisita. Kisha akanyanyua uso, akasema kwa sauti ya ukumbi mzima, "Mashaallah, nyele za mamake hasa!" Vigelegele vikapasua dari. Na mimi, mwanangu, nilifurahi furaha mbaya. Niliangaza macho kumtafuta yule mwanamke wa miguu ya tumbako, nimuone amekaa wapi, anatazama vipi. Alikuwa amekufa zamani. Najua alikufa, nilikwenda matangani kwake nikala. Na bado nilimtafuta.

Wewe sikukutazama. Wakaniambia baadaye kwamba bibi harusi alikuwa na machozi, nikasema ni haya.

Usiku ule Salim alipokwenda kusali isha nilipanda na birika la maji ya moto. Nta ni nta, nilisema, ikiona moto itayeyuka. Ikayeyuka kweli, ikateremka mpaka kwenye ngozi, na maji yalipopoa ikaganda upya, imeshika hata pale ilipokuwa haijashika. Kesho yake Bi Tatu akaleta mafuta ya taa kwa siri ndani ya chupa ya manukato. Ulipiga ukelele mmoja tu. Ngozi ikababuka nyuma ya sikio. Salim aliporudi akauliza mbona chumba kinanuka taa, ukamwambia taa imevuja. Huo ndio uongo wa kwanza uliomwambia mumeo, nami ndiye niliyekufundisha maneno, nimesimama nyuma ya pazia.

Fungate yako yote nilikuwa hapa chini nikisikiliza. Mama wa bibi harusi husikiliza, hata akisema hasikilizi. Nilisikia Salim akitia maji akioga, nilisikia msala ukikunjuliwa, nilisikia sauti yake akisoma peke yake. Yako sikuisikia. Ulikuwa ukikaa kitandani na tasbihi, husimami kusali. Nilijua kwa nini husimami. Unaye mama aliyekufundisha kwamba asiyeoga hasimami, na mama huyo huyo ndiye aliyeyazuia maji yasifike. Nikapika, nikatuma sinia juu, nikajisemea kesho nitapata hila nyingine. Kila siku nilikuwa na kesho.

Na yule kijana wa watu? Akinyoosha mkono kukushika kichwa, unajitenga. Alidhani unamchukia. Angedhani nini kingine? Alishamwambia rafiki yake kwamba atarudi Mombasa peke yake, kazi yake ya ukarani inamngoja, mke atabaki kwa mamake mpaka moyo wake utulie. Habari hiyo ilinifikia kwa njia ya jikoni, kama habari zote. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, na hata hapo, mwanangu, sikuogopa kwa ajili yako kwanza. Niliogopa watu watasema mume amemwacha fungateni.

Wewe ndiye uliyekuwa mtu mzima katika nyumba hii. Jana asubuhi ulimwita ukumbini, mbele yangu, ukafungua ushungi, ukakishika kishungi kimoja ukakitenga, ukamwonyesha nta. Ukamwambia yote. Homa, mkasi, ubani, josho, sala. Ulisema bila kulia na bila kunitazama. Mimi nilikuwa nimeshika mlango, nikingoja apige kelele, nimpigie kelele yangu. Hakupiga. Uso ulimwiva, kisha akanigeukia mimi, si wewe. "Mama," akasema, "mimi nalifanya nini hata nikaogopwa hivi?"

Zuhura, nimetukanwa na watu wanaojua kutukana. Hakuna tusi lililonipata kama swali lile. Yule kijana hakufanya lolote. Hata mamake, kwa nilivyojua jana, hakufanya lolote.

Akavaa kofia akatoka, nikasema basi, amekwenda. Akarudi na chupa ya mafuta ya uto na pamba, akaviweka juu ya meza. "Zitoeni," akasema. "Mimi nitakaa msikitini mpaka mmalize." Na akakaa kutwa.

Hiyo jana unaijua, lakini sijui kama unajua mimi niliionaje. Nilikukalisha kati ya magoti yangu kama ulipokuwa mdogo. Mafuta nimeyapasha vuguvugu, pamba nimeichovya, naanzia kisogoni. Nilijifunza humo humo mkononi. Kuvuta hakufai. Ukivuta, unywele wenyewe unatoka na mzizi na ile nta inabaki. Unatia mafuta, unangoja, unaiminya nta kati ya kidole na gumba mpaka ilainike kama tende, kisha unateremsha kishungi taratibu kufuata unywele mwenyewe, hukipandishi. Kitana cha meno mapana nyuma yake, na pamba nyingine kavu kuifuta. Halafu kinachofuata. Ubani ulikuwa ukitoka harufu kadiri ulivyopata joto, harufu ya harusi yako. Kila kishungi kilichotoka nilikiweka juu ya leso, na vyote vilikuwa vyangu. Nilivijua. Nimevichana miaka yangu yote.

Na hapo ndipo nilipokuwa na nafasi ya kusema. Kutwa nzima, kichwa chako mikononi mwangu, mumeo ametuachia nyumba. Ningesema nisamehe. Nikasema, "Usijitikise." Nikasema, "Inamisha." Nikafikia hata kusema kwamba nawe una lako, ulikuwa na mdomo, ungekataa. Nililisema hilo, nikalisikia likitoka. Wewe hukugeuka. Ulisema tu, "Nalikataa, mama. Ukanambia nikae tini."

Kweli. Ulikataa, na nikakwambia ukae chini.

Kilipotoka kishungi cha mwisho, karibu na utosi, pale nta ya kwanza ilipokuchoma, palikuwa na kovu dogo. Ulipapasa kichwa chako chote kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayetafuta kitu alichokiangusha gizani. Ukaingia chooni, ukaniita. Nilidhani unaniita kunilaani. Ukasema, "Nitilia mayi, mama." Nikachota, nikakumiminia utosini, na maji yakapita. Yakapita mpaka shingoni, mpaka mgongoni, hayakuzuiwa na kitu. Ulinuia, ukaoga, nikakupa leso. Kisha ukasimama ukasali, ukasali sana, nikajua unaanza kuzilipa zile ulizozikosa. Mimi nimenuia dhambi yake iwe shingoni mwangu. Sijui kama inahamishika. Babangu angejua.

Ulipotoa salamu za kumaliza sala ukaniambia lile ambalo limenikalisha na kalamu leo. "Kesho kutwa nikisafiri, mama, usinshike kitwa."

Unajua umeninyima nini. Hapana mzazi wa huku anayemtoa mtoto mlangoni bila kumwekea mkono kichwani akamsomea. Mimi babangu alinisomea nikitoka Pate, mkono wake umejaa harufu ya tumbako, na nilipofika huku nikachekwa nilikuwa nikijishika pale pale alipouweka, nikapata nguvu. Hilo ndilo ulilonikatalia. Nililia usiku kucha, kisha nikakasirika, kisha nikajiuliza mkono wenyewe ni upi. Ni huu uliobana nta. Ungeukubalije?

Leo alasiri nikavaa buibui nikaenda kwa Bi Rukia. Nilichukua vile vishungi vyote nimevifunga ndani ya leso. Nilijisemea, kama ni aibu na iwe, nitaibeba mpaka ukumbini kwake niimwage. Nilimkuta amekaa na sahani yake ya tambuu.

"Bi Rukia," nikamwambia, "nimekuya kukwambia neno la nyele za mwanangu."

Akaitazama ile leso. "Za mwanao, au zako?"

Nikaikaza leso mkononi.

"Nalizishika, Bi Mwana. Nikatia kidole nikapata nta. Na nyele zako nazijua, nalikuwapo siku yako."

"Na usinene?"

"Ningenena ningekuvundia uso mbee za watu. Nalikusitiri."

"Umenisitiri mimi," nikasema, na hapo sauti ikanipanda, unaijua, "na mtoto ulimsitiri vipi? Hukuyua mayi hayafiki?"

Akaacha kutafuna. "Nalidhani utazitoa usiku ule."

"Nawe hukuuliza."

"Nawe hukunambia."

Mwanangu, fikiri jambo hili, kwa maana mimi halinitoki. Watu wazima wawili. Kila mmoja anajua, na kila mmoja anamhifadhia mwenzake uso, tena kwa heshima kubwa, tunapelekeana masinia ya mikate ya sinia na kusifiana. Na katikati yetu mtoto mmoja amekaa kitandani fungate nzima hawezi kuoga wala kusali. Nilikuwa nimekwenda pale nikidhani nina siri. Sikuwa na siri. Ungefungwa kilemba cha asumini siku ile, ukaonyeshwa na nywele zako za kidole, yeye angenyamaza vile vile, na mimi ningekuwa na nywele zangu na wewe ungekuwa na mama.

Bi Rukia akanisogezea sahani ya tambuu. Sikuchukua. Wala sikuwa na hasira naye tena, nilijiona tu sistahili kutafuna. Nilipofika mlangoni akaniambia nimwombee radhi kwako. Nikamwambia ana miguu, aje mwenyewe. Atakuja kesho asubuhi, kabla hujatoka. Atakalokwambia ni lake, na utakalomjibu ni lako.

Nilivizika vishungi vyangu chini ya myasumini, pale pale zilipo nywele zako za homa. Zimekutana huko, hazina kazi tena.

Kama nina neno la kukupa la njiani ni hili, na silisemi kwa ujuzi, nalisema kwa kuwa nimeungua. Utafika Mombasa, na siku moja kitu kitakuharibikia, na kitakujia kichwani kile nilichokulisha tangu utoto: watu watasema nini. Kikikujia, wataje hao watu kwa majina. Mimi nimewataja leo nikirudi njiani. Mmoja amekufa. Wengine walikuwa wakiangalia nguo zao. Mmoja alijua na akanyamaza. Nikatafuta mwingine sikumpata, nilikuwa nimebaki mimi. Na usije ukamzaa binti ukamfanya alipe neno uliloambiwa wewe kabla hajazaliwa. Ukijiona unataka kumfanyia hivyo, jishike kichwa, lile kovu utalikuta.

Salim ni mtu mwema. Sikumchagua mimi kwa wema, nilimchagua kwa nyumba yao, kwa hiyo usinishukuru. Akinyoosha mkono sasa, usijitenge.

Nimeandika mengi na sijaandika lile moja, na mafuta ya taa yanakwisha. Nisamehe. Nimeliandika. Mdomoni halikutoka jana, na siahidi kesho litatoka, mimi ndiye huyu unayemjua.

Asubuhi nitakuwa chini ya ngazi, karibu na mlango. Utateremka umejifunika buibui, na hakuna katika mji huu atakayejua chini yake una nywele za kiunoni au za kidole. Mikono yangu nitaiweka ndani ya leso, sitainyoosha, umenikataza na nimesikia. Dua nitakusomea nikiwa nimesimama mbali, Mungu hapungukiwi na masafa. Ukitaka kupita, pita, sitakuita wala sitakulalamikia kwa mtu.

Lakini ngazi yetu ya mwisho ni fupi, na mlango wetu ni wa chini, na kila anayetoka nyumba hii lazima ainame kidogo. Nitakuwa upande wa kulia, karibu na kichwa chako. Ukiinama, Zuhura, usifanye haraka kuinuka.

Mimi mamako.